Bogenvilia na Mwasumini: Usiimwagilie kwa Ndoo Moja

Ukikaa nusu saa na muuza miche wa kando ya barabara, iwe Dar es Salaam au Mombasa, hutakosa kusikia malalamiko mawili. Mteja mmoja atasema bogenvilia aliyonunua imejaa majani, ua hata moja hakuna. Mwingine atasema mwasumini wake umedumaa, na vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka. Ukiwadadisi, utakuta yule wa kwanza anaimwagilia bogenvilia yake kila jioni na kuirushia mbolea ya mahindi iliyobaki shambani. Yule wa pili ameuacha mwasumini kwenye kona kavu ya ukuta, akiamini kwamba ua la pwani halihitaji kuhudumiwa. Kila mmoja anautunza mmea wake kana kwamba ni ule wa mwenzake.

Mimea hii huuzwa kwenye kitalu kimoja, hubebwa kwenye gari moja, hupandwa siku moja na kumwagiliwa kwa mpira mmoja. Tabia zake lakini hazikaribiani. Basi tuilinganishe, ujue upi unaifaa nyumba yako, na ukiitaka yote miwili, ujue namna ya kuiweka kwenye kiwanja kimoja bila mmoja kuumia kwa ajili ya mwingine.

Tabia imetoka kwao

Asili ya bogenvilia ni Amerika Kusini: Brazili, Peru na sehemu za Argentina. Jina lake limetokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kwa merikebu kati ya mwaka 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea katika msafara huo alikuwa Philibert Commerson, na mmea huu ulichukuliwa Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyejivika nguo za kiume ili aruhusiwe kupanda merikebuni. Commerson alikuwa na mguu mbovu, kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba mkono uliolikata tawi la kwanza ulikuwa wa Baret. Sifa, hata hivyo, ilikwenda kwa nahodha.

Huko kwao bogenvilia imezoea msimu wa mvua kisha msimu mrefu wa ukame. Mvua ikinyesha, inakimbiza matawi na majani. Mvua ikikatika na mizizi ikaanza kuona kiu, mmea unaacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Katika nchi za mbali na Ikweta, siku fupi nazo huihimiza kuchanua. Huku kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo kiu ndiyo ishara kubwa iliyobaki. Ukiiondolea kiu, umeiondolea sababu ya kuchanua.

Mwasumini ni wa Asia ya Kusini, penye joto na mvua za monsuni, na kitaalamu huitwa *Jasminum sambac*. Uko katika ukoo mmoja na mzeituni, ingawa kwa kuutazama huwezi kudhania. Ufilipino ililitangaza ua lake kuwa ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia ikalipa hadhi kama hiyo mwaka 1990. Katika mji wa Madurai, kusini mwa Uhindi, wakulima huamka kabla ya alfajiri kuchuma vitumba kwa ajili ya soko la mashada. Pwani yetu tunalijua ua hili kwa vikuba, kwa mashada ya harusini na kwa maua yanayotandazwa kitandani. Mmea huu unachanua kwenye machipukizi laini yaliyoshiba maji na chakula. Ukiunyima, haukupi ua, unadumaa tu.

Hata unachokipata ni tofauti. Bogenvilia inakupa rangi isiyo na harufu, nayo hudumu kwa wiki nyingi. Ile rangi yenyewe si petali, ni majani yaliyobadilika. Ua la kweli ni kile kirija chembamba cheupe katikati, na mara nyingi viko vitatu pamoja. Mwasumini unakupa harufu, na ua lake lina usiku mmoja tu wa fahari. Hufunguka jua likizama, na kesho yake huanza kugeuka rangi ya zambarau hafifu na kudondoka. Anayetaka nyumba ionekane tangu barabarani hatashibishwa na mwasumini, na anayetaka kulala dirisha wazi apate harufu nzuri hatapata chochote kwa bogenvilia.

Kabla hujatoa pesa

Bogenvilia inunue ikiwa na maua. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ni ya rangi ya chungwa, ukafika nyumbani ikachanua zambarau. Tazama pia majani. Aina yenye majani laini yanayong'aa, yasiyo na vinyweleo, kwa kawaida ni *glabra*: ni nyepesi kuitunza, inavumilia chungu, na inafaa kwa ua wa kukatwa. Ile yenye majani ya vinyweleo na miiba mikubwa iliyopinda ni *spectabilis*, ambayo ina nguvu nyingi na inataka ukuta mrefu au mti mkubwa wa kuuparamia. Nyekundu na za chungwa unazoziona sana mijini nyingi ni chotara. Ukikuta mche mmoja una maua meupe na ya waridi kwenye matawi yale yale, huenda ni aina iitwayo 'Mary Palmer', ambayo ilipatikana Uhindi. Hiyo haikubandikwa, ndivyo ilivyo. Zile zenye rangi tatu au nne kwenye shina moja ndizo zilizobandikwa. Ukizinunua, kagua kila mara chini ya mahali zilipounganishwa. Chipukizi lolote litakalotokea hapo likate mara moja, la sivyo baada ya mwaka mmoja au miwili shina la chini litazimeza rangi zako zote.

Kwa mwasumini hatari ni kuuziwa mmea mwingine kabisa. Majani ya mwasumini wa kweli ni mazima, mapana, ya kijani kinachong'aa, nayo hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti, wakati mwingine matatu. Ukiona kila jani limegawanyika kuwa vijani vitano au saba na vitumba vina wekundu kwa nje, huo ni *Jasminum polyanthum* wa Uchina, utambaao sana. Si mbaya, na kwa mtu wa Limuru au Lushoto huenda ukamfaa zaidi, kwa sababu haukerwi na baridi. Ila vitumba vyake si vile vya kikuba.

Wa kuuogopa ni mmea uitwao kitaalamu *Cestrum nocturnum*, ambao nao hunukia sana usiku na huuzwa kwa jina la yasmini. Majani yake ni marefu membamba yanayopishana kwenye kijiti, maua ni virija vyembamba vya kijani-njano, na matunda ni meupe madogo. Matunda hayo yana sumu. Kama una watoto wadogo au mifugo, usiuingize uani.

Katika mwasumini wenyewe kuna aina yenye petali chache na vitumba vyembamba, ambayo ndiyo rahisi kutunga. Nyingine ina petali zilizorundikana kama waridi dogo. Hii hutoa maua machache na hukua polepole. Anayeanza achukue ya kwanza.

Mahali

Bogenvilia ipe jua la kutwa. Ikipata chini ya saa sita za jua kali itaishi, itarefuka ikilitafuta jua, na itakunyima maua. Kivuli cha mwembe, upande wa ukuta usioona jua mchana, au chini ya paa la veranda si mahali pake. Upepo wa bahari haiujali sana, ndiyo maana unaiona kwenye kuta za hoteli za ufukweni inachanua mahali ambapo maua mengine yameungua kwa chumvi.

Ina miiba, na usilichukulie hilo kwa wepesi. Usiipande kando ya kijia chembamba, karibu na kamba ya kuanikia nguo, wala pale watoto wanapocheza mpira. Tena haina vikono vya kujishikia. Yenyewe huegemea na kujipachika kwa miiba, kwa hiyo ukutani lazima uifungie nyaya na kuyaelekeza matawi yakiwa bado machanga. Tawi lililokwisha kukomaa ukilikunja kwa nguvu linavunjika.

Mwasumini nao unapenda jua, ila unaridhika na la asubuhi. Saa nne hadi sita zinautosha, na kwenye miji ya joto kali kivuli kidogo cha alasiri huusaidia. Upande karibu na dirisha la chumba cha kulala au kando ya baraza mnapokaa jioni. Kuupanda mwisho wa kiwanja, nyuma ya tangi la maji, ni kuitupa harufu kwa jirani. Jirani atashukuru, lakini pesa ni zako.

Kuhusu baridi: mwasumini unapenda joto. Nairobi unaota, ila polepole, na miezi ya Juni hadi Agosti unakaa tu bila kuchanua. Bogenvilia inapendeza Nairobi, Arusha na Moshi bila shida yoyote. Sehemu za juu zinazopata sakitu, kama Limuru au Makete, zinaiumiza mimea yote miwili. Hapo weka kwenye chungu unachoweza kukihamisha, au chagua ua lingine.

Udongo

Bogenvilia inataka udongo unaopitisha maji haraka, hata ukiwa na kokoto. Mfinyanzi uliotuama maji huiozesha mizizi. Kama kiwanja chako ni cha mfinyanzi, inua tuta la sentimita 30 hivi na uipande juu yake. Ni bora kuliko kuchimba shimo refu litakalogeuka kisima wakati wa masika. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo na karai moja la samadi iliyooza vizuri, basi. Usiongeze.

Jambo moja kuhusu mizizi yake: ni myembamba na inakatika upesi. Usiung'oe mche kwa kuushika shina. Chana kiriba kwa wembe pembeni, ukishusha bonge zima la udongo shimoni bila kulibomoa. Bogenvilia nyingi zinazokufa wiki mbili baada ya kupandwa ziliuawa katika dakika hiyo moja ya kutoa kiriba.

Kwa mwasumini chimba shimo lile lile la sentimita 45, ila mchanganyo uwe tajiri: sehemu mbili za udongo tifutifu wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza au mboji, na kama udongo ni mzito ongeza mchanga wa mtoni. Ukipanda safu, acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Ukishapanda, tandaza majani makavu au nyasi kuzunguka shina, ukiacha upana wa kiganja bila matandazo karibu na shina lenyewe ili lisioze.

Wakazi wa Unguja, Lamu, Mombasa na popote penye ardhi ya mawe ya matumbawe wana tatizo lao. Ardhi hiyo ina chokaa nyingi, na chokaa huizuia mizizi kuchukua madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu hudhani ni kiu au njaa, wakaongeza maji na yurea, na hali ikazidi. Mimea yote miwili hupata ugonjwa huu, ila mwasumini ndio unaoumia zaidi. Dawa ya muda ni kupulizia majani mbolea ya chuma inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ya kudumu ni mboji kwa wingi kila mwaka, na kutomwaga uani masalia ya chokaa na saruji. Mafundi wanaomaliza kupiga plasta wanapenda sana kusafishia vifaa vyao pale pale utakapopanda maua. Wazuie mapema.

Maji

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo soma taratibu.

Miezi miwili ya mwanzo mimea yote miwili inahitaji maji sawasawa, mara tatu kwa wiki kama mvua hakuna, hadi ishike. Baada ya hapo njia zinaachana.

Bogenvilia iliyoshika ardhini, yenye mwaka na zaidi, haihitaji ratiba. Ingoje. Jani likianza kulegea jioni na asubuhi likawa bado limelegea, hapo imwagilie. Ukimwagilia, mwaga kwa kina, ndoo mbili za lita 20 taratibu hadi maji yashuke chini, kisha uiache tena hata wiki mbili au tatu. Maji kidogo kidogo ya kila siku ndiyo mabaya kuliko yote: yanaiweka mizizi juu juu, yanaifanya ikimbize majani, na maua huyaoni. Kama yako imekaa mwaka mzima bila kuchanua na inapata jua la kutosha, funga maji kabisa wakati wa kiangazi hadi majani yaanze kulegea na machache kudondoka. Kisha mwagilia mara moja kwa nguvu. Mara nyingi baada ya wiki chache ncha za matawi zitaanza kupata rangi.

Wakati wa masika usiilaumu. Itapoteza rangi, itavaa kijani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dodoma, ambako mvua hukatika mwishoni mwa Aprili na kiangazi hudumu hadi Novemba au Desemba, bogenvilia hupendeza bila mtu kuishughulikia, kwa sababu hali ya hewa imefanya kazi yote.

Mwasumini una haja tofauti kabisa. Udongo wake uwe na unyevu muda wote bila kutota. Ardhini, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, ndoo moja kwa shina. Kwenye chungu, kila siku ya pili, na kaskazi ikipuliza kwa joto huenda ikawa kila siku. Njia ya kupima ni kuingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia. Wakati wa kuangalia zaidi ni vitumba vinapoanza kuonekana, kwani ukiukosesha maji hapo kwa siku mbili tatu, vitumba vinageuka kahawia na kuanguka.

Ubora wa maji nao una neno. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Bogenvilia inaivumilia kwa kiasi. Mwasumini unaungua kingo za majani. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, uwekee mwasumini maji ya mvua kwenye pipa, na mvua kubwa ikija uache chungu chake nje ili chumvi ioshwe kutoka kwenye udongo.

Kutokana na haya, usiipande miwili hii kwenye shimo moja wala kwenye tuta moja, hata kama picha uliyoiona mtandaoni inavutia. Wapo wanaopenda kuipandisha kwenye tao moja la mlangoni, rangi na harufu pamoja. Ukimwagilia kwa haki ya mwasumini, bogenvilia inafunika tao zima kwa majani. Ukimwagilia kwa haki ya bogenvilia, mwasumini unakauka. Tenganisha kwa mita tatu angalau, na mpira wa maji usifike kwenye bogenvilia.

Mbolea

Bogenvilia: mikono miwili ya samadi iliyooza kila miezi minne, na majivu kidogo ya kuni kama udongo wako hauna chokaa. Yurea na CAN ziweke mbali nayo. Naitrojeni nyingi ni majani mengi. Kama unataka mbolea ya dukani, chagua yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kidogo tu mwishoni mwa mvua.

Mwasumini unakula vizuri. Wakulima wa kusini mwa Uhindi huupa kila shina kiasi cha kilo 10 za samadi kwa mwaka, wakiongeza mbolea ya dukani kwa awamu mbili. Kwa bustani ya nyumbani, nusu ndoo ya mboji baada ya kila kupogoa na kiganja cha NPK kila baada ya miezi miwili wakati wa joto vinatosha. Mwaga maji kwanza ndipo uweke mbolea ya dukani, maana ikigusa mizizi mikavu huiunguza.

Kupogoa

Mimea yote miwili huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo anayeogopa kukata hapati maua. Tofauti iko kwenye kalenda.

Bogenvilia ikate masika yakielekea mwisho, yaani Mei kwenda Juni kwa pwani na maeneo ya mvua mbili, au Aprili kwa maeneo ya mvua moja. Machipukizi yatatoka kwa unyevu uliobaki, yatakomaa, na kusi kavu itayakuta tayari kuchanua. Vaa glovu nene na mikono mirefu. Ondoa yale matawi manene yanayopanda wima kama fimbo bila kugawanyika, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja. Baada ya kila mchanuo kupukutika, finya ncha za matawi kwa vidole ili yagawanyike. Usikate kabisa pale unapoona ncha zimeanza kubadilika rangi. Unayakata maua yenyewe.

Mwasumini ukate baridi inapoisha, Agosti kwenda Septemba. Ukiwa wa miaka miwili na zaidi usiuonee huruma: ushushe hadi nusu ya urefu wake, ondoa vijiti vikavu na vinavyopitana katikati, weka mboji, mwagilia. Joto na vuli vitaukuta na machipukizi mapya, na kuanzia Oktoba hadi Machi utachuma. Kuchuma kwenyewe ni sehemu ya kupogoa. Chuma vitumba alasiri vikiwa vimejaa na vyeupe lakini vimefumba. Vikishafunguka ni vigumu kutunga na harufu yake imekwisha kutoka. Viweke kwenye kitambaa chenye unyevu, vitafunguka vyenyewe magharibi.

Ona jinsi kalenda hizi mbili zinavyopishana. Mwenye mimea yote miwili ana rangi kipindi cha kusi na harufu kipindi cha kaskazi, na ni wiki chache tu zisizo na kitu cha kutazama au cha kunusa.

Kuzalisha miche yako

Mwasumini ni rahisi. Chukua kijiti kisicho kichanga sana wala kikongwe, urefu wa sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Wiki nne hadi sita kitakuwa na mizizi. Rahisi zaidi ni kulaza tawi la chini ardhini likiwa bado kwenye mama, kulifunika udongo sehemu ya katikati na kuliwekea jiwe. Likishatoa mizizi ulikate na kulihamisha. Usingojee mbegu, mmea huu hauzai ovyo. Pwani miasumini mingi imetoka kwa shangazi au jirani, na hakuna anayekatazwa kijiti akiomba kwa adabu.

Bogenvilia ina kiburi kidogo. Kata kijiti kilichoanza kuwa mti, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, kwenye mchanga wa mtoni, kivulini, unyevu kiasi. Ngoja wiki nane au zaidi. Kutokea majani si dalili ya mizizi. Majani hayo hutumia akiba iliyo kwenye kijiti. Usikivute kujaribu. Chomeka vijiti kumi ukitarajia vinne au vitano, na ujue kwamba baadhi ya chotara, hasa zile zenye majani ya rangi mbili, hazikubali kirahisi.

Wadudu na chungu, kwa ufupi

Majani ya bogenvilia yakiliwa kingo usiku bila kuona mdudu mchana, tafuta viwavi vidogo vya kijani au kahawia vinavyojinyoosha kama vijiti. Toka na tochi uvitoe kwa mkono. Mwasumini unasumbuliwa na inzi weupe na wale wadudu walio kama pamba kwenye vifundo. Wakizidi, majani huwa na masizi meusi na sisimizi hupanda na kushuka. Osha kwa maji yenye sabuni kidogo jioni, upande wa chini wa majani, rudia kila wiki hadi waishe. Mwasumini ukidumaa bila sababu, chimba kidogo utazame mizizi. Ukikuta vinundu vingi ni minyoo ya mizizi, na hapo ung'oe mmea huo, uchome, na usipande mwingine mahali pale.

Kwenye chungu, bogenvilia inapenda kubanwa. Iachie chungu kidogo hadi mizizi ijae, itachanua zaidi. Mwasumini uhamishie kwenye kikubwa kila mwaka wa pili, na chungu cha kuanzia kisipungue kipenyo cha sentimita 30. Ndugu walioko Ulaya au Kanada wanaweza kuiweka yote miwili kwenye vyungu, nje wakati wa joto, ndani karibu na dirisha lenye jua kabla ya baridi ya kwanza. Bogenvilia ikipukutisha majani huko ndani, ipunguzieni maji na msiitupe.

Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, amua kwa bomba lako. Nyumba ambayo maji hutoka mara mbili kwa wiki, ya mtu anayesafiri, au yenye ukuta mrefu mtupu unaochomwa na jua: panda bogenvilia, na umwambie kila anayeishi hapo asiimwagilie. Nyumba yenye maji baridi ya kutosha na mtu anayekaa barazani jioni: panda mwasumini, tena upande Machi masika yanapoanza, ili ndoo za miezi miwili ya kwanza uzitoe mvua.